Dola Kubwa Iliyosahau Mzigo

Asimamaye sokoni Matuu, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa, huona malori yakipita mchana na usiku. Lori moja la tani kumi hubeba mzigo ambao zamani ungehitaji vichwa vya watu wapatao mia nne. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila asomaye habari za Vita Vikuu vya Kwanza katika nchi zetu, kwa maana Uingereza, dola iliyokuwa na manowari nyingi kupita dola zote duniani, iliingia vitani mwaka 1914 pasipo kufikiri sawasawa ni nani atakayewabebea askari wake chakula. Jibu lilitafutwa baadaye, na wengi waliokuwa jibu hilo walitolewa Ukambani.

Kwanza tulitazame jeshi lenyewe. Mwezi wa Agosti 1914 King's African Rifles, yaani Keya, lilikuwa na batalioni tatu tu, askari wapatao 2,300, nao walikuwa wametawanyika mbalimbali kulinda mipaka na kutuliza fitina. Mizinga mikubwa hawakuwa nayo, wala askari wa akiba wa kuitwa wakati wa shida. Tena batalioni moja, ile ya pili, ilikuwa imevunjwa mwaka 1911 ili kupunguza gharama za serikali. Baadhi ya askari wake walioachishwa kazi, wakiwa hawajui ufundi mwingine ila bunduki, walikwenda wakajiandikisha kwa Wadachi. Hivyo fedha chache zilizookolewa zilimpatia adui askari waliokwisha kufundishwa.

Kwa kuwa Keya ilikuwa ndogo, jeshi liliitwa kutoka Bara Hindi. Merikebu zilitoka Bombay tarehe 16 Oktoba zikiwa na askari wapatao 8,000, mkuu wao Meja Jenerali Aitken. Wengi walikuwa hawajapata kupigana porini, na wengine walikuwa wamepewa bunduki za namna mpya muda mfupi tu kabla ya safari. Baharini waliugua sana kwa mawimbi. Huko Mombasa jenerali alishauriwa awapumzishe, akakataa. Maofisa wa Keya, walioijua nchi na kuwajua askari weusi wa Wadachi, walitaka kusaidia. Msaada wao haukupokewa. Aitken aliamini kwamba askari wale wa adui si kitu.

Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika Tanga, na nahodha wake akawapelekea Wadachi habari kwamba wasalimishe mji. Adui aliyeonywa hivi hakulala. Kanali von Lettow-Vorbeck aliwaleta askari wake kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi, na siku ya vita, tarehe 4, alikuwa na watu wapatao elfu moja tu. Hao elfu moja waliwashinda wale elfu nane. Waingereza walirudi merikebuni tarehe 5, wakiacha pwani bombomu, bunduki mamia, na risasi zipatazo 600,000, ambazo Wadachi walizitumia siku nyingi dhidi ya wenyewe.

Watu hupenda kusimulia habari za nyuki wa Tanga. Ni kweli kwamba risasi zilipiga mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka kwa hasira wakawauma askari wa pande zote mbili. Mkamba yeyote afugaye nyuki angalimwambia jenerali kwamba mzinga wa mtini nao ni mzinga wa kuogopwa! Walakini si haki kuwatwika nyuki lawama yote. Waliomshinda Aitken ni kutokujua nguvu za adui, kumtolea adui siri, na kuwadharau watu wenye kujua.

Kosa la mzigo lilidumu zaidi, nalo liliua wengi zaidi. Jenerali Smuts alipokabidhiwa jeshi mwezi wa Februari 1916, alisonga mbele upesi, akateka Moshi mwezi uliofuata. Kisha mvua zikanyesha, barabara zikawa tope, na mbung'o wakawaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Askari walikwenda kwa nusu ya chakula, na mara nyingine pungufu ya hapo. Ikabaki njia moja, kichwa cha mwanadamu.

Na tufanye hesabu. Mpagazi hubeba ratili 50. Tuseme yeye mwenyewe ala ratili mbili kila siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekula ratili 48, na askari aliyepelekewa chakula atapata ratili mbili tu. Kwa hiyo kila hatua jeshi lililosonga mbele ilitaka wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule kwa dakika chache. Walioamuru safari ya kwenda mto Rufiji waliijua kwa gharama.

Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu, kwa mshahara usiozidi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 kazi ya kukusanya watu alipewa John Ainsworth, ambaye aliwahi kukaa Machakos tangu mwaka 1892 akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza, naye aliwajua wazee wa Ukambani vizuri. Machifu waliagizwa idadi, na vijana waliondolewa vijijini. Mtu aliyezoea isyo na muthokoi uliochemka saa nyingi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wala sufuria na kuni za kuupikia hazikutosha. Unga ule mbichi uliwaletea kuhara damu. Oscar Watkins, mkuu wa wapagazi, aliwatetea sana kwa habari ya chakula, blanketi na hospitali, na palipotengenezwa vifo vilipungua. Lakini hayo yalikuja wakati makaburi yamekwisha kuwa mengi.

Von Lettow-Vorbeck hakukamatwa kamwe. Alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wapagazi waliotolewa Kenya peke yake waliokufa walizidi 40,000, wengi kwa maradhi, si kwa risasi. Wapagazi waliacha jina la kambi yao kwa mtaa wa Kariakor mjini Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam vilevile. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya na jamaa zao hawakuonekana. Serikali ya Kenya iliomba fedha hizo zitumiwe kwa faida ya makabila yaliyowatoa watu hao. London ilikataa.