Hidrojeni Baridi na Tatizo la Neno "Kujifyonza"

Mfasiri wa maandiko ya falaki hukutana na istilahi ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, huwa "kujifyonza kwa hidrojeni". Tafsiri hiyo hupotosha maana, na ni vema sababu ielezwe.

Baina ya nyota mna mawingu ya gesi na vumbi, kama yale ya buruji ya Ng'ombe. Humo karibu hidrojeni yote imeungana atomi mbili mbili. Ndiyo maana huitwa mawingu ya molekuli. Katika baridi ya nyuzi 260 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, molekuli hizo hazitoi mawimbi yanayopimika. Hata hivyo, atomi chache husalia pweke. Atomi hutoa na kufyonza mawimbi ya redio ya urefu wa sentimeta 21, yaliyopokewa mara ya kwanza mwaka 1951 huko Harvard, Marekani.

Atomi baridi hazijifyonzi. Hufyonza mawimbi ya hidrojeni nyingine, yenye joto zaidi, iliyo nyuma ya wingu. Kwa njia hiyo Di Li na Paul Goldsmith walionyesha, mwaka 2003, kwamba atomi hizo hazifiki hata asilimia 1 ya hidrojeni ya mawingu hayo.

Mwanafunzi akisoma "kujifyonza" atadhani gesi ni moja, kumbe ni mbili. Basi yafaa kusema "ufyonzaji wa hidrojeni baridi", na kutenga daima "hidrojeni ya atomi" na "hidrojeni ya molekuli".