Hoja na Maneno Madogo katika Maswali ya Kuchagua Jibu

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi umekuwa kwa miaka mingi mlango wa kuingilia shule za sekondari nchini Tanzania. Sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu: mtahiniwa hupewa swali pamoja na majibu kadha, akatakiwa kuteua moja lililo sahihi. Tangu mwaka 2012 majibu hayo husahihishwa kwa mashine. Mashine huona alama ya penseli tu. Haiwezi kujua mtoto aliwazaje. Kwa sababu hiyo yafaa kuchunguza kinachopimwa hasa: je, ni akili ya kupima hoja, au ni ujuzi wa lugha iliyobeba hoja hiyo?

Jambo hili lina uzito katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Watoto wengi wa huko hulelewa kwa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, au kwa Kidatoga, ambacho ni lugha ya Kiniloti. Katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Kiswahili, lugha ya Kibantu, wengi hujifunza kwa bidii darasani.

Tutazame mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Kila mara Mlima Hanang unapofunikwa na wingu asubuhi, mvua hunyesha Katesh siku hiyo. Jana mvua ilinyesha Katesh. Jambo lipi ni lazima liwe kweli?
(A) Jana asubuhi mlima ulifunikwa na wingu.
(B) Mvua hainyeshi Katesh bila wingu mlimani.
(C) Siku isiyo na mvua Katesh, mlima haukufunikwa na wingu asubuhi.
(D) Jana asubuhi mlima haukufunikwa na wingu.

Wengi huvutwa na A. Lakini maelezo hayakusema kwamba mvua haina chanzo kingine. Kwa hiyo A huenda ikawa kweli, wala si lazima. B yaanguka kwa sababu iyo hiyo, na D haina ushahidi wowote. Jibu ni C: lau wingu lingalikuwapo asubuhi, mvua ingalinyesha.

Hapa maneno mawili yameamua yote. La kwanza ni “lazima”, linalotenga jambo lisiloepukika na jambo linalowezekana tu. La pili ni “kila mara”. Lingeondolewa, ingebaki “hunyesha”, na kiambishi hu- chaonyesha mazoea, wala hakizuii siku moja kuwa kinyume. Basi mtungaji wa swali naye yampasa kuchunga maneno yake.

Mfano wa pili ni wa kudhoofisha hoja. Shule moja ya Mbulu ilianza kutoa chakula cha mchana, na mahudhurio yakaongezeka mwaka huo. Mwalimu akasema chakula ndicho kilichowaleta watoto. Habari ipi yadhoofisha kauli yake zaidi? Kwamba uji ulipendwa na wote? Kwamba wazazi walichanga mahindi? Au kwamba mwaka huo huo lilijengwa daraja juu ya mto uliokuwa ukiwazuia watoto wakati wa masika? Ni hii ya tatu, maana yaleta sababu nyingine iwezayo kuzaa tokeo lile lile. Lakini swali likiuliza, “Zote zadhoofisha kauli hii isipokuwa ipi?”, mambo yageuka. Asiyezoea neno “isipokuwa” atachagua daraja na kukosa, ingawa hoja ameielewa barabara.

Mtoto achungaye ng'ombe, akiona nyayo karibu na maji, hutambua tofauti ya “huenda wamepita hapa” na “hapana budi wamepita hapa”. Kupima hoja si jambo geni kwake. Kwa hiyo mwalimu na amtake kwanza ataje dai ni lipi na sababu yake ni ipi, kwa lugha yoyote aijuayo. Kisha wayapitie pamoja maneno “lazima”, “huenda”, “baadhi”, “ila” na “isipokuwa”, wakibadilisha moja moja katika swali lile lile na kuona jibu linavyohama. Mazoezi hayo hayahitaji kitabu kipya. Karatasi za mitihani iliyopita zatosha.