Uvuvi wa Bahari Kuu Likizoni: Kweli au Si Kweli?

Kuna watu wanaotunza fedha mwaka mzima ili siku moja wapande boti wakavue sulisuli, nduwaro au jodari nje ya miamba ya Watamu, Malindi, Shimoni au Mafia. Baadhi yao hurudi na furaha ya maisha. Wengine hurudi wamenuna, wakiilaumu bahari kwa mambo yaliyoharibika nchi kavu, wakati wa kupanga. Chanzo mara nyingi ni maneno ya kuambiwa ambayo hawakuyahoji. Tuyapime saba yanayosikika zaidi.

1. "Samaki wapo mwaka mzima, mwezi wowote unafaa."

Si kweli. Bahari yetu inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, huja na maji ya uvuguvugu na bahari inayopitika. Kusi huanza kushika Aprili, na kati ya Mei na Julai mawimbi hupanda kiasi kwamba boti nyingi za uvuvi wa burudani kwenye pwani ya Kenya hupumzishwa na kufanyiwa ukarabati. Zikirudi majini karibu na Agosti, jodari ndio wanaosakwa. Sulisuli hushamiri Malindi na Watamu kuelekea mwisho wa mwaka, na msimu mzuri wa nduwaro hufuata hadi Machi. Kwa hiyo chagua samaki kwanza, kisha ndipo uombe likizo. Anayefungwa na likizo ya shule ya Agosti aende akijua kwamba bahari bado ina msukosuko wa kusi.

2. "Bei niliyotajiwa ndiyo yote."

Si kweli, mpaka uulize. Kukodi boti nzima ni jambo moja, kununua nafasi kwenye boti ya watu mchanganyiko ni jingine. Uliza kama mafuta, vifaa, chambo, chakula, maji ya kunywa na kibali cha uvuvi vimo ndani ya bei. Uliza saa zinaanza kuhesabiwa mnapoondoka gatini au mnaposhusha mishipi. Uliza bahari ikichafuka itakuwaje: fedha zitarudi, au siku itasogezwa? Kisha uliza kuhusu usalama bila kuona haya: redio inafanya kazi? Jaketi okozi zipo za kuwatosha watoto? Boti ina bima? Nahodha anayejiamini hujibu yote haya kwa utulivu, na hakatai kuyaandika. Anayekasirika kwa kuulizwa usimkabidhi familia yako, hata kama bei yake ni ya chini kuliko wote.

3. "Nusu siku inamtosha anayeanza."

Kweli. Watamu na Malindi zina bahati ya kuwa karibu na maji ya kina kirefu, kwa hiyo asubuhi moja inatosha kuonja uvuvi wenyewe na kurudi kabla watoto hawajachoshwa na jua. Mwenye kiu ya nduwaro, huyo achukue siku nzima. Sehemu kubwa ya uvuvi huo ni kukokota chambo nyuma ya boti saa baada ya saa, macho yakiwa majini, na asiye na subira hiyo atajiona ameibiwa.

4. "Panda boti ukiwa na njaa, hutalewa bahari."

Si kweli. Kulewa bahari hutokana na ubongo kupokea habari zinazopingana: sikio la ndani linahisi boti ikiyumba, ilhali macho yaliyoinamia simu yanasema umetulia. Tumbo tupu haliondoi mgongano huo, na huongeza mateso. Kula chepesi, mkate au viazi vitamu. Epuka mafuta mengi, na pombe usiiguse tangu jana yake. Dawa imezwe kabla ya safari, kwa muda uliopendekezwa na mfamasia, maana ukisubiri kichefuchefu kianze utaitapika. Mfamasia huyo huyo aulizwe kuhusu watoto na wajawazito. Mkiwa majini, kaa sehemu isiyoruka sana na uelekeze macho kwenye upeo.

5. "Samaki mkubwa anataka mwanamume mwenye misuli."

Si kweli. Mwezi Agosti 1953, Alfred Glassell Jr. alivua nduwaro mweusi wa kilo 707 nje ya Cabo Blanco, Peru, rekodi ambayo bado inatajwa duniani kote. Mwaka uliofuata, katika maji hayo hayo, mwanamke aitwaye Kimberley Wiss alivua wa kilo 691. Siri ya kazi hii ni mkanda unaogawa uzito kwenye mgongo na miguu, kiti maalumu, breki ya rili iliyowekwa sawasawa, na nahodha anayejua lini arudishe boti nyuma. Mama asiachwe gatini kupiga picha. Na wanaume wajue kwamba hata upande wa samaki, nduwaro wakubwa kabisa ni majike. Madume hayafikii ukubwa huo.

6. "Samaki akishanaswa, hata ukimwachia atakufa."

Si kweli, akishughulikiwa vizuri. Ndoana ya duara hunasa zaidi pembeni mwa mdomo kuliko kooni. Samaki abaki majini, asipandishwe botini kwa ajili ya picha. Boti isogee mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, apate nguvu, kisha aende zake. Watamu kuna taasisi ya African Billfish Foundation, inayofuatilia samaki wanaowekwa alama na kuachiwa. Mmoja akivuliwa tena, wanasayansi hujua amesafiri kiasi gani na amekuaje. Huu ndio uvuvi ninaoutetea kwa moyo wote. Jike kubwa la nduwaro hubeba mayai kwa mamilioni, na kumuua kwa ajili ya picha moja ni hasara kwa pwani nzima. Wala si kitoweo cha kutamani sana: mamlaka za afya za Marekani zinamtaja nduwaro miongoni mwa samaki wenye zebaki nyingi, ambao wajawazito na watoto wanashauriwa kuwaepuka.

7. "Nimelipa, basi nitavua popote na samaki ni wangu."

Si kweli. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi, zilizoanzishwa 1968, uvuvi umekatazwa kabisa. Mafia, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995 ina maeneo yenye masharti tofauti. Ama samaki mwenyewe, boti nyingi zina desturi kwamba anayevuliwa ni mali ya boti, na sehemu yake ni riziki ya mabaharia. Hilo ni haki yao kulidai, na ni haki yako kulijua mapema. Njia nzuri ni kukubaliana na nahodha gatini: nguru mmoja au faulusi wa kuliwa jioni, wengine kwa mabaharia, na kila sulisuli na nduwaro aachiwe. Mwambieni hayo kabla injini haijawashwa, kwa sababu rili ikishaanza kulia hakuna atakayesikiliza.