Likizo ya Pwani: Safari Haiishi Siku ya Kurudi

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, baba wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, alifika katika chumba changu cha matibabu kupimwa shinikizo la damu. Tulipomaliza, alinieleza kwa furaha kwamba mwezi uliofuata angempeleka mkewe na watoto wao watatu Watamu kwa siku saba. Walikuwa wameweka akiba tangu Januari. Nilimtakia safari njema, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Mwanzoni mwa Septemba alirudi, safari hii akiwa amembeba bintiye wa miaka minane. Mtoto alikuwa na homa kali kwa siku ya nne, akitapika kila alichopewa, na asubuhi hiyo hakuweza kuketi. Walikuwa wamemnunulia dawa ya mafua dukani, kisha wakampeleka katika kliniki moja ya mtaani ambako walipewa dawa ya koo. Hakuna aliyewauliza walikuwa wametoka wapi. Nilipompima damu, ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Alilazwa siku sita, na siku mbili za kwanza hakumtambua hata mamake. Alipona, Mungu ashukuriwe.

"Lakini daktari," baba huyo aliniuliza, "sisi tumerudi Nairobi siku kumi na mbili zilizopita. Malaria ya Pwani imetufuataje hadi huku?"

Swali hilo nilipaswa kulijibu mimi mwenyewe mwezi wa Julai, kabla hajaliuliza. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, iwapo unapanga kuipeleka jamii yako Pwani Kaskazini likizo hii, nipe dakika chache kabla hujalipia chumba.

WEWE NDIWE MGENI

Wengi wetu tunaoishi Nairobi hudhani kwamba malaria ni ugonjwa wa kuwasumbua watalii kutoka Ulaya. Tunajiambia kwamba sisi ni Wakenya, tumezaliwa na mbu. Huko ni kujidanganya.

Mtu anayeishi mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu mara kwa mara tangu utotoni, na mwili wake hujifunza polepole kupambana na vimelea. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa, lakini humpunguzia makali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hauwapi vimelea nafasi nzuri ya kukua ndani ya mbu. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa humo hana kinga yoyote ya maana. Mbele ya mbu wa Watamu, yeye na mtoto wa London ni sawasawa.

Isitoshe, kinga hiyo huisha isipotumika. Mzaliwa wa Malindi aliyeajiriwa Nairobi miaka mingi hurudi kwao akiwa mgeni, hata kama bado anakumbuka kila kichochoro. Vivyo hivyo ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani, ambao huja nyumbani Julai na Agosti kwa kuwa huko ni majira ya joto na shule zimefungwa. Hao ndio aghalabu hukataa kinga kwa kusema, "Mimi ni wa huku."

Ni kweli kwamba malaria ya Pwani imepungua sana ikilinganishwa na ile ya miaka ya 1990. Hata hivyo, kupungua si kuisha, na mbu mmoja anatosha.

CHAGUA MAJIRA YAKO

Pwani Kaskazini huanza ukishavuka daraja la Nyali. Unapita Mtwapa, unaona mashamba ya mkonge na minazi, unavuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991 na kuchukua nafasi ya feri, kisha unafika Watamu na Malindi, takriban kilomita 120 kutoka Mombasa. Mbele zaidi kuna visiwa vya Lamu.

Mambo ya kuona ni mengi. Kuna magofu ya Gedi ndani ya msitu, ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kuna Hori ya Mida na mikoko yake, msitu wa Arabuko-Sokoke, na mbuga za baharini za Watamu na Malindi zilizotengwa mwaka 1968. Mjini Malindi ipo nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyetia nanga huko mwaka 1498. Mji mkongwe wa Lamu nao umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001.

Waswahili hugawa mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi: jua ni kali, bahari imetulia na maji ni maangavu. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba: hewa ni ya kupendeza lakini bahari huchafuka, na mwani hujaa ufuoni. Ukienda Agosti ili watoto waogelee, panga shughuli za nchi kavu pia. Kumbuka vilevile kwamba mbu huongezeka baada ya mvua. Masika huangusha maji mengi hasa mwezi wa Mei, na vuli hunyesha karibu Oktoba na Novemba. Likizo za Agosti na Desemba basi hufuata misimu ya mvua.

Kwa anayekwenda Lamu, ulizia kwanza hali ya usalama ya barabara. Wengi huchagua ndege hadi kisiwa cha Manda, kisha mashua.

WIKI NNE KABLA

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu watie bidii. Mwone daktari wiki nne kabla ya kuondoka, wala si jioni ya kufunga mizigo. Zipo dawa za kukinga malaria, na kila moja ina ratiba yake. Mefloquine humezwa mara moja kwa wiki, huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Haiwafai watu wenye kifafa au waliowahi kuugua maradhi ya akili. Doxycycline humezwa kila siku, huanzwa siku moja au mbili kabla, na huendelea wiki nne baadaye. Haipewi waja wazito wala watoto walio chini ya miaka minane. Atovaquone-proguanil humezwa kila siku na huendelea siku saba tu baada ya kurudi, ingawa bei yake ni ya juu. Daktari atachagua kulingana na umri, uzito na afya ya kila mmoja.

Makosa matatu nayaona kila mwaka. La kwanza ni kumeza klorokwini iliyobaki kabatini. Vimelea viliishinda dawa hiyo, na Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998. La pili ni kumeza ile dawa ya siku tatu ya kutibu malaria ukidhani itakukinga. La tatu, na ndilo kubwa zaidi, ni kuacha dawa siku ya kurudi kwa sababu "mbu wamebaki huko". Mbu wamebaki, naam, lakini vimelea umevibeba.

Mama mjamzito ashauriwe kwa makini, kwani malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Ikiwezekana, aahirishe safari. Mwenye ugonjwa wa selimundu pia asiende bila kumwona daktari wake, kwa sababu malaria na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali na hata kifo.

Dawa peke yake haitoshi. Mbu wa malaria huuma tangu jua linapotua hadi alfajiri, kwa hivyo vaeni mikono mirefu jioni, mjipake dawa ya kufukuza mbu, na mlale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Kabla ya kulipia chumba, uliza kama kina vyandarua na kama vimetoboka.

NJIANI

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 kwa barabara. Usiendeshe usiku baada ya siku nzima ya kazi. Dereva anayesinzia hana tofauti kubwa na dereva mlevi. Pumzika kila baada ya saa mbili, Mtito Andei au Voi, unyooshe miguu na kunywa maji. Anayeona barabara ni ndefu apande treni ya SGR.

Dawa za shinikizo la damu, kisukari au pumu ziwe katika mkoba wa mkononi, na zitoshe siku kadhaa zaidi ya likizo. Insulini isiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huiharibu bila kubadilisha sura yake. Iweke ndani ya chombo cha baridi lakini isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika pia.

UFUONI

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Wageni hutembea hadi kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa, wakapotewa na wakati, na maji yakawazunguka. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa kila asubuhi. Mtoto aliye majini awe karibu na mkono wa mtu mzima asiyelewa na asiyechezea simu. Mtoto huzama kimya kimya, bila kupiga kelele.

Vaeni viatu vya kuingilia majini. Ukichomwa na wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, au na samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha uende hospitali.

Ngozi nyeusi nayo huungua. Epukeni jua la saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, mvae kofia, na mjipake mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi. Mwenye ulemavu wa ngozi ajifunike kikamilifu. Jioni, ukitumia mafuta ya jua na dawa ya mbu pamoja, mafuta ndiyo yatangulie.

Kuhusu chakula, sitamnyima mtu mahamri na mbaazi za nazi. Kula kilichopikwa kikaiva na kupakuliwa kingali moto. Dafu lililofunguliwa mbele yako ni salama kuliko juisi iliyotiwa barafu usiyoijua ilikotoka. Beba pakiti za chumvi na sukari za kuzuia kuishiwa na maji, na uzichanganye na kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Mtoto anayeharisha hufa kwa kukosa maji.

UKIRUDI NYUMBANI

Sasa nijibu swali la baba yule. Mbu anapokuuma, vimelea hukimbilia kwenye ini na kujificha humo vikizaana. Wakati huo huna homa wala maumivu, na hata kipimo cha damu hakionyeshi kitu. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 7 na 14 baadaye, na wakati mwingine huchelewa hata mwezi au zaidi, hasa kwa aliyemeza dawa ya kinga nusunusu. Likizo ya wengi wetu ni ya siku saba. Hesabu mwenyewe: aliyeumwa na mbu Watamu huugulia Nairobi.

Kwa hivyo, homa yoyote katika miezi mitatu baada ya kutoka Pwani ihesabiwe kuwa malaria hadi kipimo kikanushe. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, wala usingoje kesho. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa iendelee, rudia siku inayofuata. Mtoto akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akihema kwa shida au akilegea, mpeleke hospitali kubwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Si kila homa ya Pwani ni malaria. Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya ulilipuka Lamu kabla ya kufika Komoro, na Mombasa imewahi kukumbwa na homa ya dengue. Mbu wa maradhi hayo huuma mchana. Ndiyo maana nasema usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwa sababu iwapo ni dengue zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli yatosha.

La mwisho ni dogo, tena halina gharama. Ukifika mbele ya daktari, muuguzi au muuza dawa, usingoje kuulizwa. Sema wewe kwanza: "Nilikuwa Pwani." Andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni, yaya na nyanya wa watoto waijue. Baba wa Buruburu angesema maneno hayo kule klinikini siku ya kwanza, huenda bintiye hangelazwa.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nendeni mkaone Gedi, mkaogelee Watamu, mkale samaki wa kupaka. Baba yule amewapeleka tena watoto wake, na safari hiyo alikuja kwangu wiki nne kabla. Sikumtakia safari njema hadi tulipomaliza kupanga siku za kurudi.