Ramani iliyosafishwa mno humficha mbu

Mbu aina ya Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria barani Afrika, hahitaji ziwa ili atage mayai. Humtosha maji yaliyotuama katika nyayo za ng'ombe, katika njia ya matairi ya lori au katika shimo la kufyatulia matofali, mradi jua linafika. Mwenzake, Anopheles funestus, hupendelea maji ya kudumu yenye majani. Kwa hiyo anayetafuta mazalia ya mbu kwa picha za setilaiti hana budi kulisimamia mwenyewe jambo ambalo wengi huiachia kompyuta, nalo ni kusafisha madoa madogo ya ramani.

Madoa hutoka wapi?

Picha ya setilaiti ni miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu. Kila mraba huitwa pikseli. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina pikseli za hadi mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Pikseli ya Landsat ya Marekani ni mita 30 kwa 30, sawa na mita za mraba 900. Kompyuta hupima mwanga unaoakisiwa na kila pikseli, kisha huipa kundi: maji, mpunga, msitu au makazi.

Mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa pikseli moja moja, bila kuangalia majirani zake. Kivuli cha wingu ni cheusi, kikaandikwa maji. Pikseli ya ukingoni mwa shamba, nusu mpunga na nusu barabara, huchanganya mwanga wa pande zote mbili na kuangukia kundi la tatu. Ramani hujaa vidoadoa ambavyo wataalamu huviita chumvi na pilipili.

Namna mbili za kusafisha

Njia ya kwanza ni ya kura. Dirisha la pikseli 3 kwa 3 hupitishwa juu ya ramani nzima, na pikseli ya katikati hupewa kundi lenye wengi kati ya hizo 9. Ni njia ya haraka, ila hula pembe za mashamba. Mto ulionyooka wenye upana wa pikseli moja huwa na kura 3 tu kati ya 9, kwa hiyo unaweza kufutika wote.

Njia ya pili ni kuchekecha, nayo imo katika programu za bure kama GDAL na QGIS. Kompyuta hukusanya pikseli za kundi moja zinazogusana na kuzihesabu. Fungu lisilofikia kiwango kilichowekwa humezwa na fungu kubwa kuliko yote yanayopakana nalo. Mafungu makubwa hayapotezi umbo lake.

Hapa pia pana mtego. GDAL isipoelekezwa vingine hutambua majirani 4 tu: wa juu, chini, kulia na kushoto. Kijito kinachopita mshazari, pikseli zake zikigusana kwa pembe tu, huhesabiwa kuwa vipande vya pikseli moja moja, kisha huondolewa. Ukichagua majirani 8, kijito hicho huwa fungu moja na husalimika.

Kiwango cha nani?

Ramani ya ardhi ya Ulaya iitwayo CORINE haichori eneo lililo chini ya hekta 25, sawa na pikseli 2,500 za Sentinel-2. Kwa sera za bara zima, hilo linafaa. Kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), moja ya masharti ya kuitwa msitu ni eneo kuzidi hekta 0.5, yaani pikseli 50. Mtaalamu wa misitu akichekecha kwa 50 ana hoja. Wa malaria akiazima kiwango hicho amefuta kila lambo la kunyweshea mifugo lililo dogo kuliko hapo, na viluwiluwi vinaendelea kukua humo.

Kwa madimbwi madogo zaidi zipo droni. Utafiti wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa hata droni za bei nafuu zinaweza kuchora mazalia ya mbu. Lakini kwa droni yenye pikseli za sentimita 10 kwa 10, pikseli 50 ni nusu mita ya mraba tu. Kiwango kipangwe kwa mita za mraba kwanza, ndipo kigeuzwe kuwa pikseli.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuua viluwiluwi, kama nyongeza ya vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanapatikana. Doa la uongo humpeleka mhudumu mahali pasipo na maji, viuadudu mkononi. Doa la kweli lililofutwa huwaacha mbu watoke salama. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu hakuna atakayekwenda mahali ambapo ramani imepaonyesha pakavu.

Basi maji yapewe kiwango chake, tofauti na cha msitu. Ramani ghafi itunzwe, na baadhi ya madoa yaliyoondolewa yakaguliwe kwa miguu. Afisa afya anayekabidhiwa ramani ya mazalia ana haki ya kuuliza ni ukubwa gani wa maji ulioachwa nje, na aliyeichora anapaswa kumjibu kwa mita za mraba kabla dawa haijapakiwa garini.