Kengele ya Darasa Ilirudi, Kipenga cha Uwanjani Kikachelewa

Jumatano, Machi 18, 2020, ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kwa wanafunzi wa shule za bweni kuondoka shuleni. Katika barabara ya Embu kwenda Meru, masanduku ya bati yalifungwa kwa kamba juu ya matatu zilizopanda Runyenjes, Chuka na Nkubu, zikimteremsha huyu hapa na yule pale. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilikuwa kimetangazwa Ijumaa iliyotangulia, na Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zote zifungwe.

Muhula wa kwanza ndio msimu wa hoki, raga ya wachezaji 15, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na riadha katika shule za upili. Kwa hiyo wachezaji walirudi nyumbani na njumu ndani ya sanduku, wakitumaini kwamba mambo yakitulia wangeendelea pale walipoachia.

Hayakutulia. Julai 7, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na kwamba mitihani ya kitaifa ya KCPE na KCSE haingefanywa mwaka huo. Oktoba 12 waliitwa wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne pekee. Wengine walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021.

Serikali haikuwa na njia rahisi. Ugonjwa ulikuwa unaua, na bweni lenye vitanda vya ghorofa vilivyobanana lingeusambaza kwa usiku mmoja. Lakini tukitazama nyuma, jambo moja linauma. Kalenda ya masomo iliyoraruka ilishonwa upya hadi ikakaa sawa Januari 2023. Uzi wa kuishonea ulichomolewa kwenye michezo, na vijana waliochomolewa uzi huo hawajafidiwa hadi leo.

Hebu tumfuate mvulana aliyeingia Kidato cha Tatu Januari 2020, katika shule yoyote kati ya Embu na Maua. Kidato cha tatu ndicho kilele cha mchezaji wa shule: mwili umekomaa, na presha ya mtihani bado iko mbali kidogo. Machi yuko nyumbani. Anarudi Januari 2021 kumalizia kidato kile kile, barakoa usoni, michezo imesimamishwa. Julai 26 anaingia Kidato cha Nne, na muhula wa kwanza ambao kwa kawaida huvuka wiki 12 umeminywa ukawa wa wiki 10. Alasiri zake zinamezwa na masomo ya ziada. Machi 2022 anaketi kufanya KCSE. Mashindano ya shule yanaporejea kikamilifu mwaka huo, yeye tayari ameshatoka getini.

Mvulana huyo hakupanda ile ngazi tunayoijua sote: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Mashariki, taifa. Kijana wa kijijini huonekana kwa mara ya kwanza kwenye ngazi hiyo. Ndipo kocha wa chuo kikuu anapoandika jina lake, au timu ya Polisi au ya Jeshi inapomuulizia. Cheti cha KCSE alipata. Cha uwanjani, ambacho kwa wengine ndicho kingewapa kazi, hakikuandikwa.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Katika Nyambene, karo nyingi hutoka kwenye mmiraa. Machi 2020 Somalia ilisimamisha ndege, na soko la miraa la Mogadishu likafungwa hadi Julai 2022. Bei iliposhuka, wavulana waliokuwa wakichuma na kufunga vibunda kwa majani ya mgomba waliendelea kufunga, kwa ujira mdogo zaidi, kwa kuwa kila shilingi ilihitajika. Huko Mbeere, vibarua vya kuchuma muguka viliwapa wengine pesa ya kwanza waliyowahi kuiita yao. Boda boda ikawaita wengine. Kuna waliorudi darasani Januari 2021, na kuna ambao dawati lao lilibaki tupu. Mwalimu wa michezo, ambaye mara nyingi humrudisha shuleni kijana mkaidi kwa kumwambia tu kwamba timu inamhitaji, safari hii hakuwa na timu.

Hata desturi ziliyumba. Meru na Embu, wakati huo wavulana wengi walipashwa tohara Desemba, baada ya mtihani wa Darasa la Nane, ili wapone kwa utulivu na kufundwa na wakubwa wao kabla ya kuingia shule ya upili wakiwa wanaume. Desemba 2020 watahiniwa walipewa likizo isiyofika wiki mbili, na KCPE ilikuwa bado inawangoja Machi. Kila nyumba ikalazimika kuamua: haraka haraka sasa, au tungoje mtihani upite. Mwaka wa kijana si wa darasa pekee. Una majira yake, na majira hayo yalipoguswa mahali pamoja yalitikisika yote.

Panda sasa hadi Kigari, juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Chuo cha ualimu kilichoko pale kwa miaka mingi kilikuwa kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika. Ukungu wa asubuhi na njia za udongo mwekundu zilisaidia kuijenga timu ya wanaume iliyotwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akienda darasani Kigari alipishana njiani na mabingwa wa dunia. Masomo na mbio viliishi boma moja.

Mbio hizo hizo ndizo zinazotuonyesha wazi hasara ya umri. Mashindano ya dunia ya nyika ya Bathurst, Australia, yalipangiwa Machi 2021, yakaahirishwa hadi Februari 2023. Waliozaliwa 2002 na 2003 wangekimbia mbio za chipukizi mwaka 2021. Kufikia 2023 walikuwa wamepita umri. Mashindano ya dunia ya chipukizi ya Nairobi nayo yalisogezwa kutoka Julai 2020 hadi Agosti 2021, na aliyezaliwa 2001 akafungiwa nje ya uwanja wa Kasarani na mwaka wake wa kuzaliwa. Mtihani huahirishwa ukafanywa. Umri hauahirishwi.

Vyuoni mambo yalikuwa yale yale. Kuanzia Chuo Kikuu cha Embu hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, mihadhara ilihamia kwenye simu, na mwanafunzi aliyeweza kununua bando alisoma. Lakini hakuna bando la kuchezea voliboli. Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya Chengdu, China, iliyopangiwa 2021, ilifanyika 2023. Shahada ya miaka minne aliyoanza mtu 2019 ilikuwa imefika ukingoni.

Tufanye nini sasa? Meru ina uwanja wa Kinoru. Embu ina Uwanja wa Moi, ulioandaa Madaraka Dei mwaka 2023. Kaunti hizi mbili zinaweza kuwaandalia waliomaliza shule kati ya 2021 na 2022 ligi yao, wikendi kwa wikendi, na kuwaalika makocha wa vyuo na wa vikosi waje kuwatazama. Wengi bado wana nguvu za miguu.

Na shule zijiwekee ahadi. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha ufunguzi wa muhula wa pili kwa wiki mbili, na dharura nyingine itakuja. Ikija, mwalimu mkuu atakapokaa na ratiba yake kutafuta saa za kufidia, asianze na saa ya michezo. Apunguze kidogo kila mahali, lakini alasiri moja kwa wiki aiache, kipenga kilie, na yule mvulana wa Kidato cha Tatu atoe njumu zake sandukuni.