Biashara kwa Mtandao

Siku hizi watu wengi hununua vitu kwa simu bila kufika dukani. Wengine hudhani jambo hili ni jipya kabisa. Sivyo.

Huko Marekani, zamani, kampuni ya Sears ya Chicago iliuza vitu kwa posta. Ilichapa kitabu kikubwa chenye picha na bei za saa, nguo na vyombo. Mkulima aliyekaa mbali na mji alichagua, akapeleka barua na fedha, kisha akaletewa mzigo wake. Wenye maduka ya vijijini walinung'unika, maana wateja wao walikwisha kujua bei za mahali pengine.

Mwaka 1993 Sears ilikiacha kitabu hicho kwa sababu ya hasara. Mwaka 1995 Jeff Bezos alifungua duka la Amazon katika intaneti, akaanza na vitabu. Kazi ilikuwa ile ile: kuonyesha vitu na bei, na kupeleka mizigo; ila haikungoja barua. Sears ilipatwa na madeni, tena ikashindwa na maduka mengine makubwa, hata mwaka 2018 ikaenda mahakamani kwa kufilisika.

Basi, ninyi wanafunzi wa zamani mlio na maduka, msiiogope simu. Andikeni bei waziwazi, na mzigo ufike siku mliyoahidi. Kwenu mnunuzi hukishika kitu kabla ya kulipa. Faida hiyo mtandao hauna. Lakini mwenye kuficha bei atakimbiwa hata na jirani yake.